Rafiki yangu amechora wanawake wa harusini, nami ndiye niliyepewa kumwandikia

Bi Mkubwa, salaam alaykum na shikamoo.

Mimi ni msichana wa miaka 27, mzaliwa wa Kibokoni. Tangu mwanzo wa mwaka niko kwenye programu ya ukaazi wa wasanii inayoendeshwa na makumbusho moja hapa Pwani. Walichukua wachoraji wanne chipukizi na waandishi wawili wa uhakiki. Wachoraji wamepewa studio, sisi waandishi tumepewa meza maktabani, na sote twapata posho ya mwezi. Mwishoni kutakuwa na maonyesho na katalogi. Kila mwandishi amegawiwa wachoraji wawili wa kuwaandikia makala.

Mmoja wa hao wawili wangu ni kijana niliyekua naye. Mamake na mamangu wamekula sahani moja tangu usichana wao, na yeye akiniita dada haniiti kwa adabu tu. Ana kazi za namna mbili. Kuna picha za abiria wa feri ya Likoni, na kuna picha za harusi. Hizi za harusi ndizo zilizoniletea taabu.

Fundi seremala aliyekuwa akibomoa dari ya nyumba kuukuu Mji wa Kale aliokota bati la biskuti limejaa picha. Akampa rafiki yangu kwa bei ya soda, maana anajua ni mchoraji. Mle ndani mna picha za kupamba, sherehe ya wanawake ya kumpamba bibi harusi. Ni wanawake peke yao, wako uani, vichwa wazi, nywele zimesukwa zikatiwa asumini, kanga zimefungwa kifuani, wengine wameshika pembe za vugo, ngoma ya wanawake ya harusini. Nyuma ya moja pameandikwa kwa penseli 1981.

Amewachora wakubwa kama watu wazima. Tena amewatoa uani. Nyuma yao sasa pana ukuta wa Ngomeni, yaani Fort Jesus, na jua la saa sita. Bi Mkubwa, ni picha nzuri, na hilo ndilo linaloniuma. Zingekuwa mbaya ningeshalala usingizi.

Mwanamke mmoja namjua. Yuko kushoto kwenye turubai ya tatu, ana pembe mkononi, anacheka mpaka mwanya wa meno waonekana. Ni bibi wa mtaa wa pili kutoka kwetu. Yu hai, amepita sabini, hatoki bila buibui, na harusi za wajukuu zake yeye ndiye hukaa mlangoni kuhakikisha kila simu imewekwa kwenye kikapu kabla mtu hajaingia.

Kwenye maelezo yatakayobandikwa ukutani, rafiki yangu ameandika kwamba kazi hii imetokana na "kumbukumbu za familia yangu". Nilimuuliza. Akacheka, akasema mji huu sote ni familia moja. Nilipomtajia yule bibi akanyamaza, kisha akaniambia, "Usiniharibie. Hii ndiyo nafasi yangu ya kwanza. Wewe andika rangi tu."

Msimamizi wa programu anataka maneno 1,500 kabla ya mwisho wa mwezi, kwa Kiingereza. Ameniomba niandike kwa moyo mkunjufu kwa sababu wafadhili watasoma. Nilimdokezea kuwa nina wasiwasi na chanzo cha picha, sikueleza zaidi. Akasema chanzo ni shughuli ya mchoraji, yangu ni kuandika.

Nimefikiria kujitoa, lakini ile posho ndiyo inayolipa kodi ya nyumba tangu babangu aumie mgongo. Nimefikiria kuandika sifa tupu nimalize. Nimefikiria pia kumtumia mjukuu wa yule bibi picha kwa WhatsApp, bibi ajionee mwenyewe, mimi nisiwe nimesema kitu. Babangu anasema kuandika maneno juu ya michoro ya watu si kazi, na wiki hii nakaribia kumwamini. Mhakiki akijua jambo kama hili, afanyeje?

Mwandishi wa Meza ya Maktaba, Mombasa


Marahaba mwanangu, waalaykum salaam.

Nianze na WhatsApp, maana mengine yaweza kungoja na hilo haliwezi. Usitume. Ukimpelekea mjukuu saa kumi, kabla ya Isha picha ya bibi yake kichwa wazi itakuwa imeshapita magrupu ya Kibokoni, Majengo na Malindi, imefika Dubai, na hakuna wa kuirudisha. Rafiki yako amewaweka wanawake wale kwenye turubai zilizofungiwa studio. Wewe ndiye utakuwa umewasambaza. Na kama ulipiga picha turubai zile kwa simu yako ili uzitumie kuandika, usimwonyeshe mtu, hata mamako, mpaka jambo hili liishe.

Sasa tuje kwenye lenyewe. Katika barua yako kuna mambo mengi yenye mjadala. Kama inafaa kuchora sura ya mtu bila kumwambia, watu watabishana mpaka alfajiri. Kama yule bibi ataudhika, wewe hujui na mimi sijui. Lakini ile sentensi ya ukutani, "kumbukumbu za familia yangu", haina mjadala. Picha zimetoka kwenye dari ya nyumba ya watu, zikapita kwa fundi, zikafika kwake kwa bei ya soda. Wewe wajua. Ukiirudia sentensi hiyo chini ya jina lako umekwisha kuwa shahidi, tena wa uongo. Maonyesho yatashushwa baada ya wiki chache, turubai zitauzwa au zitakunjwa, lakini katalogi itaingia maktabani, na huko mbele mwanafunzi mmoja wa chuo kikuu ataichukua na kunukuu kwamba wanawake hawa ni jamaa za mchoraji. Hakuna atakayekwenda kuuliza tena.

Kuhusu mji kuwa familia moja, hayo ni maneno mazuri na siku ya harusi huwa kweli. Basi kama ni familia, amwendee bibi yake amwambie kuwa amemchora. Mbona mlango wa jamaa unamshinda kugonga?

Amekwambia uandike rangi tu. Haya, tuandike rangi, maana hapo amejikwaa mwenyewe. Lile jua la saa sita limetoka wapi? Kwenye picha ya 1981 halimo. Mle mna kivuli cha ua, mna mwangaza wa jioni au wa taa, mna ukuta wa nyumba. Na aliyepiga ile picha ni nani? Uani kwenye kupamba haingii mtu ovyo. Huenda alikuwa jamaa wa kike mwenye kamera, huenda alikuwa mpiga picha wa studio anayeaminiwa na wenye harusi, lakini aliruhusiwa. Wanawake wale wanamtazama mtu waliyemkaribisha, ndiyo maana yule bibi anacheka mpaka mwanya waonekana. Kicheko kile alipewa mtu mmoja, mahali pamoja, usiku mmoja. Mchoraji amekichukua kama kilivyo akamgeuzia kila atakayelipa kiingilio. Hili si jambo la nje ya sanaa ambalo wewe unaliingiza kwa umbeya wa mtaani. Limo ndani ya turubai, ndilo linaloifanya iwe na nguvu. Mtazamaji ataona mtu anamchekea, atafurahi, na hatajua kuwa hakuchekewa yeye.

Halafu ule ukuta. Ngomeni si pazia tu la rangi ya udongo. Wareno walianza kuijenga 1593, Waingereza wakaifanya jela hadi 1958, na mwaka 1962 ikafunguliwa kuwa makumbusho. Sasa mtu akiwatoa wanawake uani akawasimamisha mbele ya ukuta uliokuwa wa jela, anasema nini? Kwamba amewafungua? Kwamba historia ya mji ilikuwa ndani kwa wanawake muda wote huo na si kwenye mizinga? Nitaipenda picha hiyo. Au aliuchagua kwa kuwa watalii wanaujua? Muulize. Na usikilize jibu lake vizuri kuliko utakavyosikiliza swali lako, kwa sababu inawezekana ana jibu zuri ambalo hajawahi kulazimika kulitamka.

Umetaja feri, nikakumbuka wapiga picha wa vibanda vya kivukoni Likoni miaka ya 1990. Walikuwa na mapazia ya kuchorwa, yana ndege, meli, majumba marefu. Mtu aliingia pale akachagua mwenyewe asimame mbele ya nini, akajipanga, akalipa, akaondoka na picha yake. Aliyechagua pahala pa kuonekana ni mwenye sura. Kwa rafiki yako aliyechagua ni mwenye brashi. Hapo una aya mbili nzima, na hujamtukana mtu.

Msimamizi wako anakosea, na ningependa ujue anakosea ili ukikaa naye usiwe na woga. Makumbusho ndiyo mahali pa mwisho duniani pa kusema chanzo hakituhusu. Kazi ya kwanza ya makumbusho kitu kikiingia mlangoni ni kuandika kimetoka kwa nani, lini, kwa njia gani. Hapa Pwani tuna mfano wetu. Vigango vya Wamijikenda, nguzo zile wanazochongewa wazee waliokufa, viliibwa kutoka kwa wenyewe miaka na miaka. Vikapita kwa vijana waliotaka pesa ndogo, vikafika kwa wauzaji, vikaishia kwenye makumbusho na nyumba za matajiri Marekani. Huko mwisho wa safari walikuwapo watu waungwana waliovipenda kwa dhati, wakaviwekea taa nzuri. Mwaka 2019 vigango 30 vilirudishwa Kenya na makumbusho ya Denver, baada ya watu kuuliza swali lile lile ambalo msimamizi wako anasema si lako. Bati la biskuti si kigango, sikuzidishii. Lakini njia ni ile ile, fundi na bei ya soda.

Tena kuwaweka waandishi pamoja na wachoraji ni jambo la makusudi. Makumbusho ya sanaa ya Houston, Texas, yalianzisha programu ya namna hii 1982 chini ya shule yake ya sanaa ya Glassell. Wachoraji na waandishi wa uhakiki walikaa pamoja miezi tisa, na makala za waandishi zikachapishwa. Julie Mehretu, mchoraji mzaliwa wa Addis Ababa, alipita hapo mwishoni mwa miaka ya 1990, kabla jina lake halijawa kubwa. Msanii Wangechi Mutu wetu wa Nairobi naye alikaa Studio Museum ya Harlem, New York. Na hapa nyumbani Kuona Trust, asasi ya wasanii, ilianzia kwenye uwanja wa makumbusho Nairobi mwaka 1995, wasanii wakifanya kazi ubavuni mwa nyumba ya kumbukumbu. Mwandishi hulipwa akae karibu na kazi ikiwa bado mbichi, aulize wakati jibu laweza kubadilisha kitu. Kama walitaka sifa wangemwajiri mtu wa matangazo, naye angemaliza kwa siku moja na kwa bei nafuu kuliko wewe.

Na wasikutishe kwamba kumkosoa mwenzako hadharani ni tabia ya kigeni. Muyaka bin Haji wa Mombasa na Zahidi Mngumi wa Lamu walirushiana mashairi makali enzi za vita vya Shela kati ya miji yao, kila mmoja akilichambua neno la mwenziwe, na watu wakayahifadhi vichwani mpaka yakaandikwa. Mji huu umezoea kujibizana. Ambacho haukuzoea ni mtu kusemwa nyuma ya mgongo wake bila yeye kuulizwa, na hapo ndipo nitakapokushika wewe.

Umemdokezea msimamizi kabla hujamaliza na rafiki yako. Usirudie. Mwendee yeye, studio, mchana, mkiwa wawili. Mwambie wazi mambo matatu kwa pumzi moja: kwamba picha ni nzuri na utaandika hivyo, kwamba sentensi ya familia huwezi kuiandika, na kwamba bibi lazima ajue kabla ya ufunguzi, aambiwe na yeye mchoraji wala si wewe. Kisha nyamaza. Atakasirika. Atakwambia unamwonea wivu, kwa kuwa ukuta ni wake na wewe una meza tu. Mwache amalize. Ana hofu, na hofu yake ina maana. Ni nafasi ya kwanza kweli, na kijana wa Mji wa Kale hapati mbili kwa mwaka.

Baada ya hapo mpeleke kwa mamake. Simaanishi ukamsemee kwa mamake kama mlipokuwa watoto. Yeye amwendee mamake amwombe amsindikize, kwa sababu kijana wa kiume hawezi kuingia kwa yule bibi na picha za kupamba mkononi akaanza kueleza sanaa. Waende baada ya Alasiri, wabebe lile bati lote kama lilivyo. Usiongozane nao labda mamake aseme mwenyewe. Na pasiwe na karatasi ya kutia sahihi siku hiyo, tafadhali. Najua makumbusho hupenda fomu, na fomu itakuja, lakini mzee akiona kalamu kabla ya chai atajua amekuja kufanyiwa biashara.

Bibi aulizwe mambo ambayo ni yeye tu anayeyajua. Harusi ilikuwa ya nani? Hawa wengine ni akina nani, na wana watoto wapi? Nani alishika kamera? Akikumbuka, mchoraji atakuwa amepata kitu kikubwa kuliko alichokuwa nacho, na wewe pia. Mpaka sasa mna nyuso hamna majina. Kisha aelezwe kilichofanyika, na atazamishwe turubai yenyewe, ikiwezekana pale studio pakiwa hapana wanaume. Picha ya simu haitamwambia ukubwa wake, na ukubwa ndio habari.

Anaweza kusema mambo mengi. Anaweza kucheka, akaomba achorwe upya akiwa na mkufu alioazimwa na dadake siku ile. Anaweza kusema yeye hajali lakini fulani aliye katikati amefariki, na bintiye hatakubali. Anaweza kusema turubai zionyeshwe siku ya wanawake peke yao, simu kikapuni. Makumbusho yangeweza kupanga siku hiyo, na naamini ingejaza watu kuliko ufunguzi wa wafadhili. Anaweza kusema uso wake ugeuzwe. Na anaweza kusema hapana. Akisema hapana, ni hapana, na turubai ile haipandi ukutani. Rafiki yako asipewe matumaini kuwa mtarudi kumbembeleza mara ya pili na mara ya tatu.

Sheria nitaipita haraka, maana mimi si wakili na jambo hili likifika kwa wakili mmeshakosana. Katiba ya 2010, ibara ya 33, inalinda uhuru wa ubunifu wa kisanaa. Rafiki yako atakutajia hiyo. Mtajie ya 31, ya faragha, iko kurasa hizo hizo. Kuna pia Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Mwaka 2023 ofisi ya kamishna wake iliitoza klabu moja ya Nairobi faini ya zaidi ya shilingi milioni moja kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila ridhaa yake. Hakimiliki nayo si ya fundi. Sheria ya 2001 inailinda picha kwa miaka 50, kwa hiyo ya 1981 bado imo, na kazi iliyoagizwa na kulipiwa kwa kawaida haki yake huhesabiwa kuwa ya aliyeiagiza, labda wawe walikubaliana vingine. Fundi aliuza kisichokuwa chake. Msimamizi wako akiyasikia haya matatu kwa sauti ya utulivu atagundua ghafla kwamba chanzo kinamhusu.

Kuhusu makala yenyewe. Anza kwa kutazama: nani yuko wapi, nani anamtazama nani, mwangaza unatoka upande gani. Wasomaji wengi wa katalogi hawataziona turubai, kwa hiyo wape macho kwanza. Kisha sema picha zilikotoka, kwa sentensi moja isiyo na lawama: zilipatikana wakati wa matengenezo ya nyumba. Kisha lile swali la kicheko na la jua, uliache wazi kadiri lilivyo wazi kwako. Usiandike "labda baadhi ya watu wangeweza kuona". Ukiona, sema unaona. Na usimtaje yule bibi kwa namna yoyote ile, hata kwa "mkazi mmoja wa mtaa", mpaka yeye mwenyewe aseme atajwe. Ule mwanya wake usiuandike kabisa. Kibokoni nzima itamjua kwa mwanya.

Kabla hujaikabidhi, msomee rafiki yako, tena msomee kwa sauti. Akikuonyesha kosa la ukweli, sahihisha papo hapo. Akikuonyesha sentensi inayomuuma na ni ya kweli, iache. Kalamu usimpe. Mpe nafasi ya kujibu kwenye katalogi hiyo hiyo kama anataka, hata nusu ukurasa. Ningeisoma kwa hamu kuliko maneno ya wafadhili.

Jambo la Kiingereza ulilipitia upesi, nami silipiti. Maneno 1,500 juu ya wanawake wa Mombasa, yaandikwe kwa lugha ambayo wao na mabinti zao wengi hawataisomea raha? Omba ichapishwe kwa zote mbili. Gharama ni kurasa chache. Ukiiandika kwanza kwa Kiswahili utaona baadhi ya sentensi zinakataa kutoka, zile ambazo usingethubutu kuzisema mbele ya wenyewe. Hizo usizipeleke na kwenye Kiingereza.

Usijitoe. Ukijitoa, makala atapewa mwandishi wa pili, asiyemjua bibi, naye ataandika familia kwa nia njema. Soma mkataba wako leo usiku, utafute mahali panaposema nani ana neno la mwisho juu ya maandishi, na kama unaweza kuondoa jina lako makala ikibadilishwa bila wewe. Kama hapasemi, mwandikie msimamizi barua pepe fupi uombe hilo. Iwe kwa maandishi, usimwambie kwenye korido. Umwombe na siku kumi zaidi. Sababu iwe moja tu: mchoraji anathibitisha chanzo cha picha na wahusika. Hakuna makumbusho yatakayokataa hilo kwa maandishi.

Babako tumwache, mgongo unamuuma.

Na msimamizi akikataa hizo siku kumi, unayo kazi nyingine ya kijana huyu ambayo umeitaja kwa mstari mmoja. Abiria wa feri wamesimama mbele za watu, mchana, kila mtu anajua anaonekana, na yeye amewachora akiwa kati yao. Sijui kama ni nzuri kama zile za harusi, hukusema. Kazitazame tena kesho asubuhi kabla hajafika studio, kisha uamue kama makala yako haiwezi kuanzia hapo na zile za uani zikangoja bibi aseme.

Bi Mkubwa